Mbuzi Si Mnyama

Jamhuri Estate,
Nyumba ya pembeni, nyuma ya kanisa,
Nairobi.

Jumapili, 18 Agosti 2024, baada ya ibada

Mpendwa mzee wangu Mbuthia,

Nakusalimu sana, wewe uliyebeba jina la mume wangu. U mzima? Kifua kimepona, ama bado unakohoa kile kikohozi cha baridi? Unakula? Kazini wanakutendea vizuri? Mchumba wako Becky hajambo? Wazazi wake hawajambo? Jibu moja moja, usiniandikie "niko poa" kama unavyowaandikia vijana wenzako. Mtu haulizwi maswali yote hayo akajibu kwa neno moja.

Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua kwa hii baridi iliyokataa kuisha na Julai, lakini kanisani nafika, na jikoni bado ni mimi nasimamia. Dada yako Mwihaki yuko hapa na mimi, anaendelea kusuka nywele za watu pale Adams, na viatu vyake bado anaviacha katikati ya mlango ili nivunjike shingo nimwachie nyumba. Sukumawiki za nyuma ya nyumba zimekauka, zimebaki kama ndevu za mzee.

Salamu zimeisha. Sasa keti chini.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hayo maandishi niliyofunzwa ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Sikumpa Mwihaki aniandikie, kwa sababu yeye hunipunguzia maneno. Nikisema "mjinga" anaandika "hukufikiria vizuri". Na simu sitaki. Kwa simu, ukisikia naanza kukemea, unasema network imepotea. Barua haina network. Utaisoma mpaka mwisho.

Ulituma sauti kwa simu ya Mwihaki, ndefu kama mahubiri. Ukasema baba ya Becky, Mzee Norman, amekuita mwende msituni huko kwenu Amerika, upande wa kaskazini, mwezi ujao, mkae wiki nzima kwenye hema mkiwinda paa. Si kwa bunduki, kwa upinde. Na kwa sababu upinde hautupi mbali, lazima mtu amkaribie mnyama, kwa hivyo kila kitu unachovaa na unachobeba kiwe kimya. Nguo kimya, viatu kimya, kikombe kimya. Ukataka Shosho, mimi nyanya yako, akuchagulie, kwa sababu Shosho anajua sufu, na Gerishon wa kwaya anasafiri kuja huko na ana nafasi kwenye begi.

Nitasema ukweli, hapo sikukasirika. Nilishangaa tu. Nikawaza, kumbe mtu anatoka Jamhuri, anapanda ndege usiku na mchana, anafika nchi yenye maduka makubwa kama uwanja wa maonyesho, halafu anaenda kulala chini kwa matope kwa hiari yake. Lakini nikajiambia, mkwe akikuita unaitika. Kijana atakaa kando, atachemsha chai, atarudi. Basi nikavaa kofia yangu nzuri, tukaenda na Mwihaki soko la Toi.

Pale Toi kuna mama mmoja wa mtumba anaitwa Nasimiyu, ana makoti mazito kutoka Bungoma mpaka mbinguni. Akaniuliza, "Shosho, nikusaidie na nini leo?"

Nikamwambia, "Nataka nguo isiyosema."

"Isiyosema! Shosho, hapa kwangu zote ni bubu. Chagua tu."

Hazikuwa bubu. Nilimvalisha Mwihaki moja moja, nikamtembeza kati ya vibanda akirusha mikono, na mimi nimefunga macho nikisikiliza. Jaketi ya kwanza ililia kama pakiti ya krips. Ya pili ilikuwa na ile kamba ya kunata kwenye mfuko, ukiifungua inafanya krrrr, hata kiziwi ageuke. Ya tatu ilikuwa nzuri lakini zipu yake ilikuwa inagonga-gonga kama kengele ya mbuzi. Watu walijaa wakicheka, "Kujeni muone shosho anapima nguo na masikio!" Mwihaki alikuwa anataka ardhi ipasuke. Mimi nikawaambia wanaocheka wanunue ama wapite.

Mwishowe Nasimiyu akatoa koti la sufu, zito, la kijivu, ndani lina kitambaa laini. Nikamtembeza Mwihaki mara mbili, sikusikia kitu. Nasimiyu akasema, "Hiyo mwenyewe lazima alikuwa mwizi wa kuku." Nikalichukua. Nikaangalia lebo, limetoka hukohuko kwenu Amerika. Yaani nguo imetupwa huko, ikavuka bahari ikaja Toi, na sasa inarudi kwenu na begi la Gerishon. Hebu niambie nani mwenye akili kati yetu.

Kijana wa kibanda cha pili alitoa chini ya meza koti la madoadoa ya kijani, akanong'ona ati hilo ndilo la kuwinda kabisa. Nilimrudishia kama aliyenipa nyoka. Hapa raia akionekana na madoa ya jeshi analala ndani, hata awe shosho wa kanisa. Wewe uko huko unayavaa mpaka harusini.

Nikarudi nyumbani nikafanya kazi. Koti nimelitoa zipu, nimetia vifungo vya mbao. Sweta nimekufumia mwenyewe, sufu tupu, shingo ndefu. Kiberiti nimekitia kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko cha kukaza, maji yasiingie. Vikombe viwili vya bati nimeona vinagongana, basi kila kimoja nimekivalisha soksi. Unga wa uji wa wimbi upo, njugu zipo, zimekaangwa na chumvi. Hayo yote niliyafanya kwa moyo mweupe, nikiimba.

Yakabaki viatu, sabuni na kisu. Mwihaki akasema hivyo tuvitafute Hurlingham, kuna duka la watu wa kupiga kambi. Ndiko roho yangu ilikochafukia.

Dukani tulimkuta kijana mpole, Kasyoki, akatuonyesha viatu vya raba laini chini. Hivyo vilikuwa sawa. Halafu Mwihaki akamwuliza kama ana sabuni isiyonukia. Nikasema, sabuni isiyonukia ni ya nini, si ni afadhali kuoga na jiwe? Kasyoki akanieleza vizuri, ati wawindaji hawataki mnyama anuse binadamu, wengine hata hawaogi. Nikamgeukia Mwihaki. Nikaona anaangalia viatu vyake.

"Mwihaki, kuna nini kingine?"

"Hakuna, Shosho."

"Mwihaki."

"Basi kuna ka-chupa. Mzee Norman ako nako. Ka mkojo."

"Mkojo wa nani?"

"Wa paa jike, Shosho. Unauzwa dukani. Wanapaka kwa viatu, wanakaa juu ya mti, ndio dume lije."

Kasyoki alishika kaunta kwa kicheko. Akasema, "Shosho, hata sisi Wakamba, na vile wazee wetu waliwinda, hakuna mtu aliwahi kununua mkojo!" Mimi sikucheka. Mbuthia! Nilikuosha kwenye karai ile ya bluu kila jioni, nikakusugua shingo mpaka ukalia, ukaenda shule unang'aa kama sufuria mpya. Leo unakataa sabuni na unajipaka mkojo wa mnyama wa kike, halafu unakaa juu ya mti tangu alfajiri kama nyani, unangoja dume lije likutamani. Ptu! Samahani kwa karatasi, lakini nimetema kweli.

Hata hilo ningelimeza. Lililobaki kuja lilikuwa la kisu.

Kasyoki alitandika visu juu ya kitambaa akauliza, "Cha kazi gani? Kuna cha kuchuna, kuna cha kukata kamba, kuna cha kazi yote."

Mwihaki, bila kufikiri, akajibu, "Cha kukata kiande."

Nikamwambia arudie. Hakurudia. Nilimshika mkono tukatoka nje, nikamkalisha kwenye ukuta pale barabarani Argwings Kodhek, magari yanapita, nikamwambia afungue ile sauti yako yote, pamoja na pale alipokuwa anaparuka nisisikie. Akafungua. Nikakusikia kwa masikio yangu ukisema: "Nilimwambia Mzee Norman kwetu bwana harusi hukata bega la mnyama mbele ya wazee. Alifurahi sana, akasema basi twende tumtafute huyo mnyama pamoja. Paa ni mbuzi wa msitu tu, hakuna tofauti. Tutafanya ngurario yetu hapahapa. Lakini Shosho asijue kwanza, mpaka iishe."

Asijue kwanza. Mpaka iishe.

Mbuthia, mimi sikusoma, lakini wewe umesoma mpaka ukasahau. Acha nikukumbushe. Ngurario ndiyo siku msichana anakuwa mke. Si siku ya kanisa, si siku ya karatasi za serikali. Kijana anasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili, anakata kiande, bega la mbuzi, mbuzi aliyelishwa nyumbani, anayejulikana ametoka zizi la nani. Babu yako alikata. Baba yako alikata. Ikikosekana hiyo, hata mkizaa kumi, wazee watauliza, huyu ni nani kwetu?

Na wewe unataka kukata bega la kitu ulichokipiga mshale porini, kitu ambacho hujui jana kilikula nini na kililala wapi!

Kosa lako liko kwa neno moja, na hilo ndilo linanichukiza kuliko mkojo. Ulimwambia yule mzee "mnyama". Nani alikwambia mbuzi ni mnyama? Kwa lugha yetu, nyamu ni kitu cha porini. Fisi ni nyamu. Nguruwe mwitu ni nyamu. Huyo paa wako mwenye pembe za matawi ni nyamu. Mbuzi si nyamu hata akikosea njia akalala msituni. Mbuzi ni mbuzi. Anakaa na watu, anaitwa jina, analipa mahari, anapatanisha waliogombana. Ulitoa neno lenye watu ndani ukaweka neno lenye manyoya tu.

Nyama ya porini haikuingia nyumba ya mama yangu. Walioila walikuwa watu wengine, waathi, wawindaji, na tuliwaheshimu huko kwao msituni, lakini chungu chao ni chao na chetu ni chetu. Mtu wa kwetu akiila alikuwa na thahu, uchafu usiotoka kwa maji, mpaka aoshwe na wazee. Najua utasema, Shosho, wewe ni Mkristo, thahu imeingiaje? Mimi ni Mkristo, ndiyo, na Mkristo pia ana tumbo, na tumbo langu limekataa.

Huyo Mzee Norman sina neno naye. Nimekaa nimelifikiria, na naona mzee wa watu hana kosa. Aliambiwa kwa kina Mbuthia hukatwa bega la mnyama, na yeye wanyama anaowajua ni hao. Akajitolea akupeleke, akulishe, akuonyeshe. Hiyo ni heshima. Kama angeambiwa ukweli, angetafuta mbuzi hata kwa tochi. Wewe ndiye ulimnyima ukweli ukampa neno la mkato, kwa uvivu, na sasa mzee mzima anajiandaa kujipaka mkojo kwa ajili ya mila ambayo si yetu wala si yake. Huoni aibu? Unamdanganya baba mkwe kabla hata hajawa baba mkwe.

Na usiniambie ati huko hakuna mbuzi. Mwihaki ameniambia hapo Minneapolis Wasomali wamejaa kuliko Eastleigh. Sasa hao Wasomali wanakula nini, majani? Ni mbuzi! Kuna mashamba huko wanakoenda kuchagua mbuzi akiwa amesimama, unamshika mgongo, unamtazama meno, unachagua. Ulishindwa kuuliza Msomali mmoja, ukaweza kukubali safari ya wiki nzima msituni. Kutafuta mbuzi ni kazi ya asubuhi moja. Lakini mbuzi hapigwi picha ukiwa na upinde, ndiyo sababu hukumtaka. Ulitaka picha.

Nimeulizana pia na baba yako mdogo Ndungu, maana hili si la mwanamke kulisema peke yake. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Halafu akasema, "Mama, mwambie akikata hiyo kitu, mimi kama mzee wa nyumba sitasema nimeona." Akasema pia karatasi zako za kusafiria zikichelewa, usiweze kuja nyumbani, mbuzi anaweza kukatwa huko na wazee wa kwetu walioko hukohuko, yeye atawaita kwa simu awaeleze, na atakaa akiangalia kwa hiyo video mpaka mwisho, hata ikiwa ni saa ambayo jogoo analala. Lakini mbuzi. Alilisema mara tatu: mbuzi, mbuzi, mbuzi.

Sasa sikiliza nimefanya nini na vitu vyako.

Koti la sufu na sweta nimetuma, kwa sababu baridi haijui nani amekosea. Uji na njugu nimetuma. Viatu nimetuma. Sabuni niliyotuma ni ile yetu ya kufulia ya mche, inanuka mpaka barabarani, na utaoga nayo kila siku huko msituni nikikuomba kama nyanya yako. Na juu ya yote nimekuwekea ile jaketi ya kwanza ya Toi, ile ya krips. Nilirudi kwa Nasimiyu kuichukua. Aliniuliza, "Shosho, si hii ndiyo ulikataa?" Nikamwambia, sasa ndiyo naitaka. Ukienda na mzee msituni, nenda, usimvunje moyo. Pika chai, tazama miti, sikiliza hadithi zake. Lakini uvae hiyo jaketi juu ya koti, na ukiona paa, jikune.

Kisu nimenunua. Ni kizuri, cha chuma kisichoshika kutu, mpini wa mti. Kasyoki alikinoa mbele yangu mpaka kikakata unywele wa Mwihaki, na Mwihaki akapiga kelele ati ni wa bei. Lakini hakimo kwenye begi la Gerishon, usimsumbue alipekue bure. Kiko hapa Jamhuri, ndani ya sanduku langu, na funguo iko shingoni mwangu. Wanjugu wa mama mdogo wako anakuja huko Novemba. Kisu kitakuja na yeye siku nitakapotumiwa picha ya mbuzi. Akiwa hai. Amesimama kwa miguu yote minne, na Mzee Norman amesimama kando yake, ili nijue umemwambia.

Usiniletee ujanja wa kompyuta. Meno yangu yameisha, macho yapo. Mbuzi namjua.

Najua unampenda huyo msichana. Nilimwona kwa simu, ana macho ya adabu, na alijaribu kunijulia hali kwa lugha yetu, "wĩ mwega", mpaka ulimi ukajikunja, nikampenda hapohapo. Ndiyo maana nimechukia hivi. Kama ni msichana wa kupita, ungekata bega la sungura ukitaka, nisingepoteza wino. Lakini huyu nataka aje hapa, aingie jikoni kwangu kama mke wa watu, asimame kando yangu na pasiwe na mwanamke wa ukoo wa kumnong'oneza nyuma ati huyu aliolewa na paa. Wewe utaachiwa, wewe ni mtoto wa nyumbani. Yeye ndiye atakayenyimwa kiti.

Na jina hilo si lako peke yako. Mbuthia wa kwanza alikata kiande changu vibaya, wazee wakamcheka mpaka jioni. Lakini alikata mbuzi wa babake. Wewe ukikata nyamu, ujue utakuwa umeoa peke yako. Mbuthia hatakuwa ameoa.

Nisalimie Becky sana, mwambie sweta yake naifuma, ni ya rangi ya maziwa. Nisalimie Mzee Norman na mama Becky, na umtafsirie barua hii yote huyo mzee, pamoja na pale pa mkojo, usiruke. Nisalimie na huyo rafiki yako Obuya mnayekaa naye, mwambie nimesikia anakupikia, Mungu ambariki. Ndungu anakusalimu japo ana hasira. Wanjugu anakusalimu. Mwihaki anakusalimu kwa woga, anajua nimejua yeye pia alinificha.

Ungekuwa hapa ningekutemea mate mikononi kama wazee wanavyobariki. Kwa kuwa uko mbali, nimeyatema hapa chini ya karatasi, palipokunjamana. Leo mate ni mengi, nusu ya kinyaa na nusu ya baraka. Chukua ile nusu yako. Mungu akuzidishie kazi, akupe afya, akupe watoto wenye masikio, na akuonyeshe mbuzi mnono.

Wako akupendaye ingawa leo hawezi kukutazama,
mke wako wa kwanza,

Shosho Wangeci